Mwanamke wa Chini ya Ngazi

Kabla sijaanza, ujue kwamba mimi si mtu wa kupenda habari za kutisha. Ninaimba kwaya, sinywi pombe, na siku ile sikuwa na homa. Watu wakisikia habari ya mtu aliyekufa akionekana, wanangojea giza, wanangojea mbwa wabweke. Yangu haikuwa hivyo. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, hapa Kalemie, katikati ya mji, pikipiki zikipiga honi barabarani na mama mmoja akikaanga mandazi hatua kumi kutoka pale nilipokaa. Kama unataka kunicheka, nicheke sasa. Huko mbele sidhani utapata hamu.

Kazi yangu ni ushonaji. Wazazi wangu walitoka upande wa Fizi, wakafuata samaki, wakashuka na ziwa mpaka hapa, na mimi nikazaliwa hapa. Kwa miaka kumi na saba nilishona kwenye barza ya nyumba moja ya zamani, kule chini kwenye barabara kubwa, karibu na stesheni ya treni. Ilikuwa nyumba ya etaji, ya ghorofa, yenye nguzo nene na dari ya juu sana, hata wakati wa jua kali ungekaa pale ukasahau joto. Wazee wanasema aliijenga Mgiriki mmoja, akauza ndani yake vitambaa na taa. Baadaye ikawa depo, ghala la chumvi, kisha saluni, kisha juu wakaingia watu wa maombi na chini vijana wa kuuza vocha za simu. Mji wetu njo vile, ndivyo ulivyo. Sinema ya zamani leo ni stoo ya simenti. Pale tuliponunua mkate wa moto tukiwa watoto, leo wanatengeneza simu. Hoteli moja imebaki na herufi tatu tu ukutani, na mtoto wa leo ukimwambia watu walikuwa wanacheza muziki mle ndani, anakuona mwongo. Upande wa ufukoni ziwa limepanda na kula barabara, na wenye uwezo wanakimbilia kila jengo lililobaki pakavu.

Ndivyo nyumba yetu nayo ilivyonunuliwa. Aliyeinunua hatukumwona hata siku moja, tulimwita Patron tu. Tuliyemwona ni msimamizi wake wa ujenzi, Papa Mukalay, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alikuja na karatasi, akatusomea: wiki mbili, kila mtu awe ametoka. Nyumba itavunjwa, ijengwe nyingine ya vioo.

Utaniuliza, kwa nini usitafute mahali pengine? Wapi? Nyumba niliyokuwa nimepanga iliingiwa na ziwa mpaka samaki wadogo wakaonekana jikoni. Mume wangu alienda Manono kuchimba madini, na simu yake ina miaka miwili haiiti. Mimi na watoto wangu watatu tulikuwa tunalala sebuleni kwa wifi yangu, na wifi alikuwa ameanza kufungia sukari chumbani kwake. Nilibaki na mashine yangu na ile barza. Na fundi akihama, wateja hawamfuati, wanamgeukia fundi aliye karibu. Nilisali mpaka maneno yakaniishia, nikawa napiga magoti bila kusema kitu.

Basi ilikuwa Jumanne ya wiki ile ya mwisho. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Wapangaji wote walikuwa wameshahama, tulibaki mimi na Mama Regina, yule muuza mandazi niliyemtaja. Yeye ni mkubwa kwangu, alikuwa pale tangu kabla ya vita. Alikuwa upande wa pili wa barza, amenipa mgongo, anapuliza moto wake uliokuwa unazimwa na upepo wa mvua.

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Sikiliza vizuri hapo. Nyuma yangu ni ndani ya nyumba. Ndani hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimefagia mle asubuhi ileile, chumba kwa chumba, kwa sababu ya mazoea tu.

Nikageuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kitambaa kichwani, amesimama kwenye mlango wa korido. Nywele zilizotokeza chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe, lakini si kwa uzee. Lilikuwa vumbi la chokaa.

"Jambo, Mama fundi."

"Jambo, Mama. Karibu."

"Utaweza kunishonea gauni? Ya kusafiria."

Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kitabwa, kama watu wa Moba. Akanipa kikwembe kilichokunjwa, cha bluu chenye ndege wa njano, mtindo ambao sijauona sokoni tangu nikiwa msichana. Kilikuwa kipya, hakijawahi kufuliwa. Nilipokipokea kilikuwa baridi, kama kimetolewa mtungini. Nikajiambia, labda ni mtu wa maombi aliyebaki juu. Njaa ya kazi inamfanya mtu asiulize. Nikasimama, nikachukua meta yangu ya kupimia.

Kila fundi anajua jambo hili: ukimzungushia mtu meta kifuani, unangoja kidogo. Anavuta pumzi, kifua kinapanda. Anaitoa, kinashuka. Hapo katikati ndipo unashika namba. Huwazi, mikono inafanya yenyewe. Nikazungusha meta. Nikangoja. Nikaendelea kungoja. Kifua hakikupanda. Vidole vyangu vilikuwa pale, kwenye mbavu zake, na chini ya kitambaa hapakuwa na kitu kinachotembea. Niamini, nimepima maelfu ya watu, watoto wachanga na wazee, hata bibi mmoja aliyekuwa anakata roho na ambaye watoto wake walitaka avae nguo mpya. Wote wanapumua.

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mwenye shida.

"Usiogope," akasema. "Mimi ni Adela, wa Moba. Nilikuja kununua vitambaa. Siku ya risasi niliingia kwenye tangi la maji, hapa nyuma, chini ya ngazi. Ngazi ikaanguka juu. Niliita sana, Mama. Kisha wakamwaga simenti."

Mama Regina bado anapuliza moto wake.

"Nimesikia wanataka kuvunja," akaendelea. "Wavunje. Nyumba si yangu. Lakini wanitoe kwanza. Waambie wanitoe taratibu, nirudi kwetu. Wasinimwage pamoja na mawe. Gauni nitavaa siku hiyo, hii niliyo nayo imekwisha."

Akageuka, akaingia koridoni. Hakuyeyuka, hakupaa. Alitembea kama mtu aliyechoka, na mwisho wa korido akakata kushoto, upande wa ngazi.

Sijui nilikaa muda gani. Mama Regina ndiye aliyenishtua: "Wee, mbona umeshika meta hewani?" Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Aliposikia neno Moba akaweka chini mwiko wake.

"Ngazi ya kwanza ilikuwa ya matofali," akasema polepole. "Ilianguka wakati wa vita, kweli. Aliyechukua nyumba baadaye alisawazisha chini kwa simenti, akaweka hii ya mbao. Na kulikuwa na watu waliokuja na mashua, wanatafuta dada yao. Walizunguka mji wiki nzima wakimwonyesha kila muntu picha."

Tukaenda sote wawili. Chini ya ngazi ya mbao kulikuwa na simenti ya rangi tofauti, upana wa mlango. Mama Regina akaipiga kwa kisigino. Ililia kama ngoma, tupu chini. Akaanza kulia, akanishika mkono: "Mwambie shefu wa ujenzi. Wewe njo alikujia. Mwambie leo."

Nilimwambia. Hilo Mungu anajua. Papa Mukalay alikuja alasiri, nikampeleka kwenye ile simenti, nikamweleza yote bila kuficha. Hakucheka hata kidogo. Alichuchumaa, akapapasa sakafu kwa kiganja. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya upole:

"Mama, nakuamini. Nimevunja nyumba nyingi, nimeona mengi. Lakini tukifungua hapa na kukuta mifupa, parke, wale wa mashtaka, watakuja na polisi watakuja. Watafunga shantie, ujenzi wote, mwaka mzima, na Patron ataenda kujenga mahali pengine. Vijana arobaini wanangojea kazi hii." Akanitazama. "Wewe una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Munalala wapi?"

Alikuwa ameshajua, mji wetu ni mdogo.

"Nyumba mpya itakuwa na vyumba vya biashara mbele. Kimoja kitakuwa chako, mlango wa kioo, unatazama barabara. Na tangu kesho, wewe na watoto mutalala kwenye nyumba ya depo yangu, ina sakafu na mlango mzuri. Mimi sikudanganyi. Nakuomba kitu kimoja tu: ulichoniambia, usimwambie mtu mwingine."

Ningekuwa mtu mwema ningekataa palepale. Nilisimama, nikasikiliza mvua, nikawaona watoto wangu wamelala kwenye saruji ya wifi, wa mwisho anakohoa. Sikusema ndiyo, na hapana nayo sikuisema. Niliinamisha kichwa, naye akaelewa. Mama Regina aliponiuliza, nikamjibu: "Amesema atafikiri."

Usiku ule nilikata kitambaa na kuanza kushona. Utasema ni wazimu kumshonea mtu nguo huku umemuuza. Mikono yangu ilitaka kufanya kitu cha haki, hata kama mdomo umekataa.

Jumatano, saa ileile, akaja. Safari hii nilisikia nyayo zake tangu mwisho wa korido. Akasimama mlangoni, hakuvuka.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesema nini?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema ukweli, labda angeenda kumtokea Papa Mukalay mwenyewe, labda angemtokea Patron huko aliko, sijui wafu wanafanyaje. Lakini niliogopa uso wake ungekuwaje. Nikasema: "Wamekubali. Watakutoa kwanza, taratibu."

Akatabasamu. Sikuwahi kuona mtu akifurahi namna ile. Akaweka mikono yote miwili kifuani, akasema: "Mungu akubariki, Mama, wewe na watoto wako." Akarudi ndani.

Angenilaani! Angeniparua uso! Mpaka leo nasema, heri angefanya hivyo kuliko baraka ile.

Alhamisi asubuhi katapila ilikuja. Mimi nilikuwa nimehamisha mashine, nimesimama ng'ambo ya barabara pamoja na watu waliokuja kutazama. Gauni lilikuwa tayari, nimelikunja mkononi. Ukuta wa mbele ulianguka kwanza, barza yangu ikaenda na nguzo zake, watu wakapiga kelele kama kwenye mpira. Kisha vumbi likatulia kidogo na nikaiona ngazi ya mbao, imesimama peke yake, haina mahali pa kupandia.

Kitu kikakatika ndani yangu. Nilivuka barabara mbio. Nilikuwa napiga kelele: "Kuna muntu! Kuna muntu chini! Simamisheni!" Vijana wawili wakanishika. Mwenye katapila alisimamisha mashine, akamtazama Papa Mukalay. Na Papa Mukalay, kwa huzuni ya kweli, niliiona, akamwambia: "Mama amechanganyikiwa. Alifanya kazi hapa miaka mingi. Endelea."

Katapila ikashuka. Ngazi ikaenda. Jino la chuma likaingia kwenye ile simenti ya rangi nyingine na kuinua kila kitu kwa mara moja: simenti, matofali, udongo mweusi. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Katikati ya mawe niliona kandambili moja ya plastiki, nyekundu, kana kwamba imenunuliwa jana. Halafu vyote vikamwagwa kwenye kamiyo, lori la kubebea mawe.

Unajua mawe ya nyumba za zamani yanapelekwa wapi hapa kwetu? Yanatupwa ukingoni mwa ziwa, ili mawimbi yasiendelee kula barabara. Nilipanda pikipiki, nikamwambia dereva afuate kamiyo. Tulifika imeshainua mgongo. Nilisikia tu mngurumo, nikaona vumbi na maji yaliyoruka. Ziwa lilikuwa na hasira siku hiyo, mawimbi yalikuwa yanapanda mpaka juu ya mawe na kurudi na udongo.

Niliingia majini. Nilifukua kwa mikono mpaka kucha mbili zikatoka. Mama Regina alinikuta pale, naye akaingia na kikwembe chake mpaka kiunoni. Kamiyo ya pili ikaja, ikamwaga juu. Na ya tatu. Tulifukua mpaka jua likazama upande wetu na tukawa hatuoni mikono yetu. Hatukupata hata ile kandambili.

Nilipomweleza Mama Regina niliyoyafanya, hakunitukana. Alisema tu: "Lo. Mimi Jumanne ileile nilituma habari Moba." Alikuwa amempa neno mfanyabiashara mmoja wa dagaa aliyekuwa anapanda mashua. Kwamba ndugu za Adela waje, dada yao ameonekana.

Nilitamani mashua ile izame. Unaona mtu anafika wapi?

Haikuzama. Wiki iliyofuata alishuka bandarini mzee mmoja, Papa Stanis, kaka mkubwa wa Adela. Seremala. Kwapani amebeba sanduku dogo la mbao ya muvula, amelichonga mwenyewe, amelipaka mafuta, lina kitasa cha shaba na msalaba juu ya kifuniko. Mifupa ya mtu mzima haihitaji sanduku kubwa, aliniambia. Alikuwa amepima kwa kumbukumbu tu.

Nilimpeleka ukingoni. Nilimwambia kila kitu pale, nimesimama mbele yake, na sikupunguza neno. Baraka aliyonipa dada yake nilimwambia pia. Nilingojea anipige. Papa Stanis aliweka sanduku juu ya jiwe, akakaa, akatazama maji muda mrefu.

"Mama yetu bado anaishi," akasema mwishoni. "Haoni tena. Nilipoondoka aliniambia nisirudi mikono mitupu."

Nikampa gauni. Alilifunua, akapapasa mshono wa bega, mshono mzuri, najua, sijawahi kushona vizuri namna ile. Akalikunja. "Hii nitamupelekea. Ataishika." Kisha akasukuma sanduku kwangu. "Hili kaa nalo. Mimi ni muzee, siwezi kukaa hapa kutafuta. Wewe unakaa hapa. Ukimupata hata kidogo, utamuweka ndani na utaniita."

Na jengo la vioo? Lilikwisha, liko pale, utaliona ukipita. Papa Mukalay alitimiza neno lake, jambo ambalo nalo linaniuma. Nina chumba mbele, mlango wa kioo, umeme siku ukiwepo. Watoto wanakula. Wenzangu wanasema nina bahati, wananiuliza niliomba kwa mtumishi gani. Sanduku liko chini ya meza yangu ya kukatia, nimelifunika kwa kitambaa cheupe. Adela hajarudi. Nilikuwa namwogopa, sasa namngojea. Kila asubuhi, ikifika saa nne, naacha mashine, nageuka nyuma. Nyuma yangu kuna ukuta mpya, umepakwa rangi ya maziwa, hauna mlango. Laiti angekuja mara moja tu, hata kwa kunilaani. Wafu wanaokusumbua unaweza kuwaombea msamaha. Aliyekuamini akaondoka, utamwombea wapi?

Sasa nakwambia wewe, kwa sababu umenisikiliza mpaka hapa. Kama umenunua nyumba ya zamani mjini, usianze na katapila. Anza na wale wanaokaa kwenye barza, waulize ni nani aliingia mle asitoke. Miji yetu imepita vitani, na watu wengi walijificha mahali ambapo hakuna aliyerudi kutazama. Na kama wewe huna nyumba wala kiwanja, kama uko kama mimi, umebanwa mpaka huoni njia, mtu akikuomba umsemee neno moja tu, liseme kwa sauti, barabarani, siku hiyohiyo, kabla mwenye sauti ya upole hajakuuliza una watoto wangapi.

Kila Jumamosi naenda ukingoni. Mwaka huu maji yamepanda tena, mawe yale siyaoni, nasimama tu juu yake kwa kukisia. Na kila mwisho wa mwezi Papa Stanis ananipigia simu kutoka Moba. Hasalimii sana. Anauliza: "Bado?"

Nami namjibu: "Bado, Papa."

Kisha anakata simu.